Kijana anapohamia dunia ya mchezo: anapata nini, anapoteza nini?

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa safu ya kwanza alitujia ofisini, akafunga mlango kabla hajaketi. Mkononi alikuwa na kompyuta mpakato iliyozungushiwa waya wake wa chaji. "Katibu," alisema, "nimemnyang'anya mwanangu kitu hiki tangu Jumatatu. Chakula hagusi, na mama yake hamsemeshi. Nimemsomesha kwa taabu mpaka kidato cha tano, na sasa anakesha akipigana na majoka ya kwenye kioo. Mtoto huyu kaingiliwa na nini?"

Usiku ule hatukuwa na jibu. Tulimwomba mzee wetu atupe muda, tukakaa na kijana wake mara mbili, kisha tukasoma yaliyoandikwa na wanaoijua michezo hiyo. Tuliyoyapata tunayaleta hapa kwa kuwa mzee yule si peke yake. Wazazi wengi wanaona mwanga chini ya mlango wa chumba saa saba za usiku, wala hawajui kijana yuko wapi ingawa wanajua amelala ukuta wa pili.

Mchezo wenyewe ni upi?

Mchezo tunaouzungumzia si ule wa mpira wala wa magari, unaokwisha kwa dakika kumi. Ni mchezo wa mtandaoni ambamo maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika nchi moja ya kubuni, yenye milima, miji, masoko na mazimwi. Kila mmoja hujitengenezea mhusika wake: jina, sura, mavazi na kazi. Mmoja ni askari mwenye upanga, mwingine tabibu, mwingine mpiga mishale. Mhusika huanza akiwa dhaifu, na kadiri anavyotimiza kazi alizopewa ndivyo anavyopanda daraja na kupata silaha bora.

Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kuunda mchezo wa aina hiyo usio na picha hata moja, maandishi matupu. Mwaka 1997 ukaja Ultima Online, mwaka 1999 EverQuest, na mwaka 2004 World of Warcraft, ambao kufikia mwaka 2010 ulikuwa umetangaza wateja milioni 12 wanaolipa. Leo michezo ya namna hii inachezwa hata kwenye simu ya mkononi.

Sisi tuliokulia kwenye mkeka wa bibi hatupaswi kushangaa sana. Tulisikiliza hadithi za mazimwi na majini, na za Alfu Lela u Lela, mpaka usingizi ukatuchukua, na bibi alipokoma tulimsihi aendelee. Tofauti ni kwamba sisi tulisikiliza tu, na bibi alikuwa na mwisho wa hadithi. Kijana wa leo huingia ndani ya hadithi yenyewe, nayo haina mwisho.

Kinachowavuta

Mtafiti wa Marekani, Nick Yee, aliwauliza wachezaji wapatao 3,000 kwa nini wanacheza, na mwaka 2006 akaandika kwamba sababu zao zinakusanyika katika mafungu matatu. La kwanza ni kufanikiwa, yaani kupanda daraja na kuwashinda wengine. La pili ni kuishi na watu. La tatu ni kuzama katika ulimwengu mwingine na kuwa mtu mwingine kwa muda.

Kijana wetu alitueleza yote matatu bila kumjua mtafiti huyo, lakini lile la pili ndilo lililotugusa. Katika mchezo wake wachezaji hujiunga katika vyama. Kazi kubwa, kama kumshinda joka, haziwezekani kwa mtu mmoja. Huhitaji kikosi, kila mtu na zamu yake, na tabibu akikosekana wote wanakufa. Chama chake kina watu ishirini na watano wa nchi mbalimbali, na yeye ndiye mtunza ghala la mali ya pamoja. "Ustadh," alituambia akiwa ameinamisha kichwa, "kule nikikosa siku moja wananiuliza niko wapi. Ghala lote wameniachia mimi, na halijawahi kupungua."

Tulinyamaza. Kijana huyu amekuwa akiswali nasi tangu utoto, na kazi pekee tuliyowahi kumkabidhi ilikuwa kupanga viatu mlangoni siku ya Ijumaa. Siku alizokosekana hatukuuliza.

Kijana wa Norway

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho mzazi anafaa kukijua kabla ya kutoa hukumu. Mats Steen alizaliwa Norway mwaka 1989 akiwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli ya mwili kidogo kidogo. Utotoni alianza kutumia kiti cha magurudumu, na ukubwani alibakiwa na nguvu za vidole tu. Katika miaka yake kumi ya mwisho alikaa ndani ya World of Warcraft kati ya saa 15,000 na 20,000. Wazazi wake walisikitika. Waliona maisha yake yanapita mbele ya kioo, bila rafiki wala mtu wa kumhitaji.

Alifariki mwezi Novemba mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Baba yake aliandika taarifa ya msiba katika ukurasa wa mwanawe wa mtandaoni, na barua za rambirambi zikaanza kumiminika kutoka nchi kadhaa za Ulaya. Ndipo wazazi walipojua kwamba mwana wao, kwa jina la Ibelin, alikuwa nguzo ya chama kilichoitwa Starlight. Binti mmoja wa Uholanzi alinyang'anywa kompyuta na wazazi wake kwa sababu ya masomo, akazama katika huzuni. Mats aliwaandikia wazazi hao barua ya kumwombea. Mama mmoja wa Denmark alikuwa na mwana mwenye usonji aliyeshindwa kutoka nyumbani. Mats alimshauri aingie mchezoni akutane na mwanawe huko. Mazikoni Oslo walifika watu waliosafiri kutoka nchi nyingine, ambao hawakuwahi kumwona uso kwa uso. Mwaka 2024 kisa hicho kilitolewa filamu.

Mtoto wa Korea

Kisa cha pili ni kizito, nacho pia ni cha kweli. Mwaka 2009, Korea Kusini, mume na mke walikuwa wakikesha katika mgahawa wa intaneti wakicheza mchezo uitwao Prius Online, ambamo mchezaji humlea msichana wa kubuni. Nyumbani walikuwa na binti yao wa kweli, mchanga wa miezi mitatu, aliyezaliwa kabla ya wakati. Asubuhi moja waliporudi walimkuta amekufa. Njaa ndiyo iliyomuua. Mwaka 2010 walikamatwa wakahukumiwa.

Nchi hiyo ilitunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2011, ya kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye serikali iliamua kuifuta. China nayo, mwaka 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za taifa.

Madhara yanaingilia wapi?

Kwanza ni wakati. Mchezo huu haungoji. Mchezaji akitoka, nchi ile inaendelea bila yeye, na wenzake wanaendelea kupanda. Madaraja ya mwanzo hupatikana kwa dakika chache, ya juu kwa wiki nzima, na zawadi nono hutoka kwa bahati, mara chache, hivyo kila usiku huonekana kuwa huenda ndio wenyewe. Kwa vijana wetu wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Vikosi vya Ulaya hukusanyika jioni baada ya kazi, na saa mbili zao za usiku wakati wa baridi ni saa nne zetu. Kazi ya saa tatu inamwacha kijana wa Dar es Salaam au Mombasa macho mpaka saa saba. Alfajiri inampita, na darasani anasinzia.

Pili ni fedha. Baadhi ya michezo hulipiwa kila mwezi, kiasi cha dola 15 kwa World of Warcraft nchini Marekani. Mingine ni ya bure mlangoni, lakini ndani huuza makasha ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka alipe. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi ya makasha hayo ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Mwislamu hahitaji kuelezwa kirefu kamari ni nini. Anahitaji tu kujua kwamba sasa inaweza kuingia nyumbani ikiwa na sura ya sanduku la hazina, na kulipiwa kwa simu ya baba.

Tatu ni maradhi. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, mchezo kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nao ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, na iwe imevuruga familia, masomo au kazi. Kwa hiyo si kila anayekesha usiku mmoja ni mgonjwa, na si haki kumwita hivyo. Lakini zikionekana zote tatu, mahali pake ni kwa daktari, na aibu isimzuie mzazi.

Wapo waliotuuliza kuhusu wachawi na majini ya mchezoni. Swali hilo lina uzito wake, na kila mzazi amwendee sheikh wake. Kwa kijana wetu, hata hivyo, hatukuona kuwa ndilo lililomfunga.

Mzani

Mats na wazazi wale wa Korea walicheza michezo ya jinsi moja. Kwa Mats, maradhi yalikuwa yamefunga milango ya kutembea na kukutana na watu, na mchezo ukamfungulia mmoja. Kwa wale wawili, mlango ulikuwa wazi na mtoto analia ndani, nao wakaufunga. Basi mzazi asianze kwa kuhesabu saa peke yake. Ajiulize kwanza: ni haki ya nani inayopotea mwanangu anapokuwa kule? Haki ya mwili wake kulala, ya masomo yake, ya wazazi wake, ya Mola wake? Kisha ajiulize swali gumu zaidi: kule anapata nini ambacho hapa kwetu hakukipata?

Nyumbani, tunashauri haya. Mzazi aketi na kijana jioni moja, amwombe amwoneshe mhusika wake na wenzake. Atajifunza mengi kuliko kwa kuchomoa waya. Afahamu kwamba kazi ya kikosi haiwezi kusimamishwa katikati, hivyo saa zikubaliwe kabla ya kuanza, na ya mwisho iwe saa nne kamili. Kompyuta ikae sebuleni. Namba ya siri ya simu ya pesa isijulikane na mtoto. Na asimwambie kijana kwamba marafiki wake wa kule si watu. Ni watu, ingawa mzazi hawajui, na kwa sababu hiyo hasa yampasa aulize ni kina nani.

Mzee wetu alirudisha kompyuta kwa masharti: usiku miwili kwa wiki, na mwisho saa nne. Mara moja sharti limevunjwa, na kompyuta ikakaa kabatini wiki nzima. Hajaridhika, naye ametuambia hivyo waziwazi. Sisi kwa upande wetu tumemkabidhi kijana daftari la michango ya LUKU na maji ya udhu, lililokuwa halina mwenyewe kwa miaka miwili. Mwezi wa kwanza aligundua kosa la shilingi elfu kumi na nne katika hesabu zetu, akalileta mbele ya kamati bila kupepesa. Ijumaa iliyofuata hakuonekana msikitini. Safari hii tulimtuma mtu nyumbani kwao kuuliza yuko wapi. Alikuwa na homa.