Mshtakiwa Anayesema Sana: Mvuto wa Vichekesho vya Mahakamani

Vichekesho vya mahakamani, yaani michezo ya televisheni ambamo kesi husikilizwa kwa taratibu zake zote huku wahusika wake wakichekesha, vina tabia moja isiyopatikana katika vichekesho vya nyumbani au vya mtaani, nayo ni kwamba vimejengwa mahali ambapo kucheka kwenyewe kunaweza kuwa kosa. Katika mahakama ya kweli, mtu anayeangua kicheko hakimu anapozungumza anaweza kuhesabiwa kuwa amedharau mahakama, kosa linalotambuliwa na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na askari aliyesimama mlangoni hangoji acheke mara ya pili. Inasemwa mara nyingi kwamba watazamaji huipenda michezo hii kwa sababu wanafurahi kuona haki ikitendeka, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa tamthilia nzito za mauaji na urithi nazo huishia kwenye haki, wala hakuna anayecheka. Kinachochekesha ni namna watu wanavyosema wanapokuwa mahali ambapo kila neno lina ngazi yake, zamu yake na mtu aliyeruhusiwa kulitamka.

Mwanafalsafa wa Ufaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichochapishwa mwaka 1900, alishikilia kwamba binadamu hucheka anapoona kiumbe hai kikienda kama mashine, na kwa kipimo hicho mahakama ni ghala la kicheko lililofungwa kwa kufuli. Hati ya mashtaka husomwa kwa maneno yale yale awe mtu ameiba kuku au ameiba lori, shahidi huapa kwa kiapo kile kile awe mkweli au mwongo, na maswali ya dodoso, yaani yale ambayo upande wa pili humuuliza shahidi ili kupima ukweli wa maneno yake, huulizwa kwa utaratibu ule ule hata kama anayeulizwa haelewi kwa nini anaulizwa. Mwandishi wa vichekesho hahitaji kubuni mashine hiyo, kwa maana serikali imekwisha kuijenga; kazi yake ni kumwingiza mtu asiyekubali kwenda nayo.

Swali linalozigawa tamaduni ni nani anayeingizwa. Nchini Uingereza mtu huyo alikuwa wakili. Horace Rumpole, aliyebuniwa na John Mortimer ambaye mwenyewe alikuwa wakili, na kuigizwa na Leo McKern katika mfululizo uliorushwa kati ya 1978 na 1992, ni mzee anayewatetea wezi wadogo, anayekariri mashairi na anayemwogopa mkewe kuliko anavyowaogopa majaji. Nchini Marekani David E. Kelley, naye wakili aliyeacha kazi hiyo na kuwa mwandishi, alitunga *Ally McBeal*, iliyoonyeshwa kuanzia 1997 hadi 2002, kisha *Boston Legal*, kuanzia 2004 hadi 2008, na katika zote mbili kesi ni kisingizio cha kuonyesha mapenzi, upweke na majivuno ya mawakili wa mji wa Boston. Hata tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2022 kuhusu wakili kijana mwenye usonji, Woo Young-woo, inasimama juu ya msingi huo huo, kwamba mtazamaji anaitazama sheria kwa macho ya mtu aliyeisomea. Mteja huja, hulia, hushinda au hushindwa, kisha hupotea, na wiki inayofuata analetwa mwingine.

Afrika Mashariki ilichagua njia nyingine. *Vioja Mahakamani*, mchezo wa Kenya uliokwisha kuzoeleka tangu zama za Sauti ya Kenya, kabla ya chombo hicho kugeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, hauna wakili mtetezi anayetamba. Una hakimu, kiongozi wa mashtaka, askari, mashahidi, na katikati yao mshtakiwa aliyesimama kizimbani, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kawaida kabisa aliyeshikwa kwa kosa ambalo mtazamaji amewahi kuliona mtaani kwake. Kioja, kwa maana ya neno lenyewe, ni jambo la ajabu linaloshangaza na kuchekesha, na jina la mchezo linaahidi kwamba ajabu hiyo itatokea pale pale ambapo ajabu haitakiwi. Wahusika wake Ondiek Nyuka Kwota na Makokha hawakukumbukwa na watazamaji kwa uzuri wa hoja zao za kisheria, bali kwa namna walivyomzungusha kiongozi wa mashtaka mpaka swali lake likamrudia mwenyewe. Mchezo huo ulizaa hata mhusika aliyehama na kujitegemea, Inspekta Mwala wa Davis Mwabili, ambaye baadaye alipata mchezo wake katika kituo cha Citizen, na yeye pia ni mtu wa dola anayeshindwa na maneno ya raia.

Tofauti hii haikutokana na uhaba wa fedha za kujenga ofisi za mawakili za kuigiza, ingawa chumba kimoja chenye meza na kizimba ni rahisi kukijenga kuliko mji wa Boston. Imetokana na jinsi sheria inavyokutana na watu. Mkazi wa Songea, kusini mwa Tanzania, anapoitwa mahakamani, uwezekano mkubwa ni kwamba ataanzia Mahakama ya Mwanzo, ngazi ya chini kabisa katika mfumo wa mahakama wa Tanzania Bara, ambayo Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliipa Kiswahili kuwa lugha yake na kumtaka hakimu aketi na wazee wa mahakama, yaani raia wanaomsaidia kufikia uamuzi. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo kwa kazi yao. Katika mashauri ya madai ndugu au mtu wa nyumba moja angeweza kumsemea mwenye shauri kwa idhini ya mahakama, lakini katika mashauri ya jinai mshtakiwa alisimama na ulimi wake. Ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi, au fundi amepokea fedha za mlango na mlango haujaonekana, na watu wawili wanaofahamiana tangu utotoni wanatakiwa kuulizana maswali ya dodoso, jambo ambalo hakuna aliyewafundisha, hivyo badala ya kuuliza wanahutubia, na badala ya kujibu wanakumbushana deni la mwaka juzi. Hakimu hukatiza na kusema, "Uliza swali." Aliyewahi kuketi kwenye benchi la mahakama kama hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini *Vioja Mahakamani*, ambao umetungwa nchi nyingine na kwa lafudhi nyingine, unamfanana kuliko tamthilia yoyote yenye maghorofa na suti.

Mzizi wa jambo hili ni wa kale kuliko televisheni, na ushahidi wake bora ni hadithi ya Mwalimu Goso, mojawapo ya ngano za Unguja zilizokwisha kuandikwa tangu karne ya 19. Goso alikuwa akifundisha chini ya mti, paa akapanda kuiba matunda, tunda likamwangukia mwalimu na kumuua, na wanafunzi wakaapa kumtafuta muuaji. Walianza kwa upepo wa kusi, wakaupiga. Kusi ikajitetea kwamba kama ingekuwa na nguvu isingezuiwa na kiambaza, yaani ukuta wa udongo. Kiambaza nacho kikauliza vipi kingetobolewa na panya, panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, na mlolongo ukaendelea mpaka wakamfikia paa mwenyewe. Paa hakusema kitu, nao wakamuua.

Hadithi hii husimuliwa kwa watoto kama mchezo wa mnyororo, lakini kwa jicho la mwanasheria ni kesi kamili, na kinachostaajabisha ndani yake ni kwamba washtakiwa wote waliotangulia walikuwa hawana hatia na hakuna hata mmoja aliyejitetea kwa kusema hivyo. Hoja ya kila mmoja ilikuwa kwamba yeye ni dhaifu mno kutenda kosa hilo, na kwamba mwenye nguvu ni fulani. Ni hoja mbovu kisheria, kwani udhaifu mbele ya panya hauthibitishi chochote kuhusu tunda lililoanguka, na hata hivyo iliwafungua mmoja baada ya mwingine. Paa alikuwa mkosaji wa kweli, lakini ngano haisemi kwamba alipatikana na hatia kwa ushahidi. Alipatikana kwa sababu alinyamaza. Sheria ya sasa ya mwenendo wa makosa ya jinai nchini Tanzania inampa mshtakiwa aliyekutwa na kesi ya kujibu haki ya kukaa kimya, kisha papo hapo inairuhusu mahakama kuufasiri ukimya huo dhidi yake, na mtu anaweza kudhani kwamba waliotunga kifungu hicho walisimuliwa habari za Goso wakiwa wadogo.

Hapo ndipo penye kiini cha mvuto. Mshtakiwa wa vichekesho ni ndugu wa kusi na kiambaza: hushinda kwa kuendelea kusema, na hata asiposhinda huchelewesha hukumu kwa wingi wa maneno, akijibu swali kwa swali, akilichukua neno la kisheria kwa maana yake ya sokoni. Akiulizwa kama anakiri kosa, huuliza kwanza ni kosa gani alilomkosea hakimu. Mtazamaji anayecheka anajua kwamba kesho, akisimama mwenyewe pale, koo litakauka na jibu zuri litamjia akiwa amekwisha kufika stendi ya mabasi. Mchezo unampa, kwa nusu saa, ulimi ambao mahakama ya kweli huukausha.

Haifai kusahau woga uliopo chini ya kicheko hicho. Songea ni mji ambao kila mwaka, mwezi Februari, hukusanya watu kwenye makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kwa vizazi kadhaa baada ya hapo dola ilizungumza na watu wa Ruvuma, mkoa wa Songea, kwa kinywa cha mkalimani. Chini ya Waingereza mashauri madogo yaliamuliwa na machifu, mpaka sheria ya mwaka 1963 ilipoziunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja wa mahakimu. Watu waliozoea kwamba neno la mwenye mamlaka halijibiwi wana sababu ya kufurahia kuliona likijibiwa, na huenda ndiyo maana hakimu wa vichekesho hivi, kama alivyoigizwa kwa miaka mingi na Lucy Wangui katika *Vioja Mahakamani*, hawezi kuwa mchekeshaji. Ni lazima asicheke. Akicheka, kufuli la Bergson limefunguka na mchezo umekwisha.

Vichekesho hivi vinadanganya jambo moja waziwazi, nalo ni muda. Kesi ya televisheni huanza na kwisha kabla chai haijapoa, ilhali katika mahakama halisi neno linalosikika kuliko yote ni kuahirishwa, na baada ya hukumu hubaki rufaa. Katika hilo michezo yote ya dunia inafanana, na pengine ni heri, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyekwisha kugundua namna ya kuchekesha kwa tarehe ya kutajwa kwa kesi.

La kuangaliwa sasa ni wakili. Sababu mojawapo ya kutoonekana kwake katika kicheko cha Kiswahili ni kwamba ukumbi wake ulikuwa mahakama za juu, na huko alisema Kiingereza, lugha ambayo mteja wake mara nyingi aliisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wakili wa Mahakama Kuu, Kanda ya Songea, anayelazimika kusema "Napinga, Mheshimiwa" mbele ya shangazi wa mteja wake, ambaye anaelewa kila neno na ana maoni yake kuhusu pingamizi hilo, ni mhusika ambaye televisheni ya Kiswahili haijamzoea bado.