Jicho la Angani na Mikoko ya Bodo

Mwaka 2008 bomba la mafuta lilipasuka mara mbili karibu na Bodo, mji wa wavuvi katika nchi ya Waogoni, delta ya mto Niger, huko Nigeria. Mafuta ghafi yalijaa vijitoni yakatanda juu ya matope. Mkoko hupumua kwa mizizi yake. Mafuta yakiifunika, mti hufa. Mikoko ikifa, samaki na kaa hukosa mazalio, na mvuvi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Lakini mvuvi atathibitishaje ukubwa wa hasara yake? Hapo ndipo setilaiti inapofaa. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Jani likiugua, uwiano huo hubadilika. Wataalamu huupima, kisha hulinganisha picha za kabla ya mafuta kumwagika na za miaka iliyofuata. Hivyo huona mikoko ilipokufa na inapochipua.

Januari 2015 kampuni ya Shell ilikubali kuwalipa watu wa Bodo pauni milioni 55. Hata hivyo, fedha hazioteshi mikoko kwa siku moja.

Tena, ndugu msomaji, ukijani wa pichani waweza kudanganya. Mikoko ilipokufa, mara nyingi huota nipa, mnazi wa matopeni ulioletwa kutoka Asia, ambao hauwafai samaki kama mikoko. Wala setilaiti haioni kisimani. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba huko Nisisioken Ogale, pia katika nchi ya Waogoni, watu walikuwa wakinywa maji yenye benzini, sumu iletayo saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo picha ya angani haitoshi. Sharti mtaalamu ashuke matopeni pamoja na mvuvi, wachimbe, wapime. Shirika hilo lilikadiria kwamba kuiponya nchi ya Waogoni kwaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Mtoto aliyezaliwa Bodo mwaka 2008 huenda akawa mzazi kabla kazi hiyo haijakamilika.