Treni Ndogo za Wajerumani na Kilomita 115 za Singida

Ukisimama stesheni ya Manyoni utaona njia zikiachana. Moja inaendelea magharibi kuelekea Itigi, Tabora hadi Kigoma. Nyingine inakata kaskazini kwenda Singida mjini, kilomita 115. Pima kwa futikamba kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi wa pili, utapata mita moja.

Sasa pima reli ya treni ndogo za LGB, zile ambazo Wajerumani huzizungusha bustanini katikati ya maua. Utapata milimita 45. Treni hizo hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa 22.5. Zidisha, utapata mita moja na ushee. Yaani reli wanayoichezea wazee wa Ujerumani Jumapili jioni ni hii yetu ya Manyoni, imepunguzwa tu.

LGB ilianza mwaka 1968 chini ya kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg. Haikutuwaza sisi. Iliziwaza njia za tawi za kwao, nyembamba, zilizokuwa zikipenya vijijini. Hata hivyo upana wa reli hiyo ulifika kwetu muda mrefu kabla ya LGB: Reli ya Kati ilijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, kwa upana huo huo wa mita moja.

Kinachouzwa sana katika biashara hii ya treni ndogo si treni za mwendo kasi peke yake. Wapenzi wake, ambao hawapendi kabisa kusikia neno “kuchezea”, wana mahaba na vidude vya njia za pembeni. Kuna kiberenge cha abiria kilichotengenezwa Wismar kati ya 1932 na 1941. Kilifungwa injini ya gari la Ford mbele na nyingine nyuma, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kwa jinsi boneti zilivyochomoza watu wakakiita pua ya nguruwe. Kuna basi la reli la Uerdingen lililoanza miaka ya 1950. Toleo lake la VT 98 lilikuwa na injini mbili za Büssing, kila moja nguvu farasi 150. Büssing walikuwa watengenezaji wa mabasi na malori. Kuna pia “ngamia wa Harz”, vichwa kumi vya dizeli vya Ujerumani Mashariki ambavyo kati ya 1988 na 1990 vilibadilishwa magurudumu ili vitembee kwenye reli ya mita moja milimani Harz. Vyote hivi vinauzwa vikiwa vidogo, vimepakwa rangi zilezile, na namba ndogo ubavuni unazozisoma kwa miwani.

Gharama kubwa iko kwenye kalibu. Ukishaichonga kalibu ya basi la reli, mwaka huu unalitoa la rangi nyekundu ya shirika la Magharibi, mwaka ujao la kampuni binafsi ya wilayani, kisha lenye namba tofauti kwa ajili ya stesheni fulani ambayo mzee fulani alipandia akienda shule. Mnunuzi ni yule yule, na analipa mara tatu. Ndani wanatia kipaza sauti na saketi inayoiga mngurumo wa dizeli ikiwaka asubuhi ya baridi. Kichwa cha LGB chenye sauti hupita yuro 1,000 kwa urahisi. Kwa hela yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, ongeza kidogo ununue bodaboda.

Lakini usidhani ni biashara ya kulala usingizi. Lehmann ilianguka mwaka 2006, Märklin wakaichukua LGB mwaka uliofuata. Märklin wenyewe, kampuni ya Göppingen iliyoanza 1859, wakaomba ulinzi wa mufilisi Februari 2009, maonyesho ya vichezeo ya Nuremberg yakiwa mlangoni. Watoto walikuwa wamehamia kwenye michezo ya kompyuta na wateja walikuwa wanaota mvi. Mwaka 2013 kampuni ikaingia mikononi mwa kundi la Simba-Dickie. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika Győr, Hungaria, na washindani wengi wanatengenezea China.

Mimi kilichonivutia si vichezeo, ni sababu ya vile vikubwa kutengenezwa. Baada ya vita, Ujerumani Magharibi ilikuwa na mamia ya njia za tawi ambazo treni kamili ilikuwa ikila hasara: kichwa kizito, mabehewa matatu, wafanyakazi kadhaa, abiria ishirini. Wakachukua injini ya basi, wakaiweka chini ya bodi jepesi juu ya magurudumu ya reli. Njia nyingi zikaongezewa miaka ishirini, thelathini. Nyingine zilikufa hata hivyo, tusidanganyane. Barabara na magari binafsi vilishinda. Ila zile za Harz, upande wa Mashariki, zipo mpaka leo, kilomita 140 za reli ya mita moja, ndefu kuliko tawi letu, na watalii wanapanda hadi kilele cha Brocken chenye mita 1,141. Singida mjini penyewe pako juu zaidi ya hapo.

Tawi la Singida lina historia ya kukatika. Waingereza walijenga njia kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, Mkalama ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikang'olewa miaka ya 1940. Iliyopo sasa ni kazi ya baada ya uhuru. Mizigo yake ni ya msimu: alizeti ikivunwa kuna gunia, isipovunwa hakuna. Kwa abiria, mtu wa Singida anayekwenda Dodoma hafikirii treni, anakwenda stendi ya Misuna.

Hesabu ya njia ya namna hii haiwezi kukaa sawa kwa kichwa cha Reli ya Kati. Mafuta yale yale, dereva yule yule, abiria wa kuhesabika. Na vyombo vidogo vya mita moja vinapatikana: mwaka 2020 Kenya ilileta treni ndogo za dizeli zilizokwishatumika kisiwa cha Mallorca, Hispania, zikaanza kubeba abiria wa Nairobi. Watu walisema mitumba. Tulisema hivyo hivyo kuhusu mabehewa ya ghorofa ya SGR, reli yetu ya kisasa, yaliyokarabatiwa Ujerumani. Mtumba mzuri si aibu, shida ni spea.

SGR kipande cha Makutupora hadi Tabora kinapita wilaya ya Manyoni. Ikianza kazi, abiria wa Singida mjini atahitaji cha kumfikisha hapo, na njia ya kilomita 115 imeshalala ardhini. TRC, shirika letu la reli, wasimletee treni. Wamletee kiberenge cha watu sitini chenye injini ya basi, maana mafundi wa injini za basi Singida tunao, wako pale Misuna.