Usiugue kwa Sababu ya Picha

Mwezi uliopita mama mmoja alimleta binti yake kwenye zahanati yetu. Binti alikuwa na kizunguzungu na mapigo ya moyo hayakwenda sawa. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Mwishowe akanieleza: kila akila hujitapisha, apate kuwa mwembamba kama wasichana anaowaona kwenye simu.

Jambo hili limetokea kwingine pia. Huko Fiji watu walipenda mwanamke mnene; aliyekonda alidhaniwa hatunzwi na jamaa zake. Mwaka 1995 televisheni ilifika mkoa wa Nadroga. Wakati huo daktari Anne Becker na wenzake waliwauliza wasichana wa shule, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Waliporudi mwaka 1998, wasichana kama 11 katika kila 100 walikuwa wakifanya hivyo.

Je, umbo linalosifiwa hudumu? Hapana. Miaka ya 1950 sinema zilimsifu Marilyn Monroe, mwenye kifua na nyonga. Mwaka 1966 magazeti ya Uingereza yakamsifu Twiggy, msichana mwembamba kama kijiti. Leo simu zinasifu kiuno chembamba na makalio makubwa. Tena picha nyingi hutengenezwa. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo la mwanamitindo lazima iandikwe kwamba imebadilishwa.

MADHARA YA KUJITAPISHA

Kujitapisha hupoteza maji na chumvi za mwili. Chumvi hizo zikipungua sana, moyo hupiga ovyo na waweza kusimama. Asidi ya tumboni hula meno. Anayejinyima chakula huishiwa nguvu, na hedhi yaweza kukoma.

Simaanishi kwamba unene uliozidi ni mzuri. Nao huleta shinikizo la damu na kisukari.

TUFANYE NINI?

1. Tule ugali au wali pamoja na maharage, mboga za majani na matunda.
2. Tusiwacheke watoto kwa unene wala wembamba wao.
3. Binti akikimbilia chooni kila baada ya kula, tuzungumze naye kwa upole na kumleta zahanati mapema.

Binti yule tulimpeleka hospitali ya wilaya. Sasa anakula pamoja na nduguze, na mama yake huketi naye baada ya chakula.

Ndugu msomaji, umbo linalosifiwa litabadilika tena. Mwili wako ni huo mmoja. Utunze.