Je, Wajua? T ni Tabora
Sarafu ya heller 20 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya mwaka 1916 yenye herufi ndogo T chini ya tarehe haikutoka Ujerumani. Iligongwa Tabora! Manowari za Uingereza zilifunga pwani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, chenji ikaadimika, Wajerumani wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Kazi ya haraka, basi usishangae kukuta taji lililo kwenye sarafu limekwenda upande.

Ukiona mstari usio wa kawaida kwenye sarafu, upapase kwa ukucha. Ulioinuka huenda ulitokana na ufa kwenye muhuri wa chuma ulioigonga, na hilo ni kosa la kiwandani. Uliochimbika, mara nyingi ni mkwaruzo tu. Ila tafadhali usiisugue sarafu kwa ndimu: wakusanyaji huishusha bei sarafu iliyong'arishwa.