Ekskaveta ikilegea, pampu isiwe ya kwanza kulaumiwa

Katika Kata ya Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji, mtaro usiokamilika kabla ya mvua za Novemba huweza kuelekeza maji kwenye makazi ya watu. Kwa sababu hiyo, ekskaveta inapopoteza nguvu, mafundi hukimbilia kufungua pampu, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya gharama kubwa zaidi, ilhali mara nyingi haina kosa.

Uchunguzi huanzia kwenye mafuta ya haidroliki. Yakiwa meupe kama maziwa, yamechanganyika na maji. Yakitoa povu, kuna hewa inayoingia njiani kuelekea pampu. Hatua inayofuata ni kujaribu kila mwendo. Mkono, mzunguko na minyororo vikilegea kwa pamoja, chanzo ni cha pamoja: mafuta, chujio, vali kuu au pampu yenyewe. Ukilegea mkono peke yake, kosa hutafutwa kwenye vali, mipira au silinda yake. Mtambo unaofanya kazi vizuri asubuhi na kuchoka mchana huashiria joto, na rejeta iliyozibwa na vumbi hukaguliwa kwanza.

Shinikizo la mfumo huo huweza kufikia baa 350, hivyo uvujaji haupapaswi kwa mkono kamwe. Fundi hutumia kipande cha boksi. Mafuta yakipenya ngozini, hata kwa tundu dogo kama la sindano, majeruhi awahishwe hospitali mara moja, ikiwemo ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ingawa haoni maumivu.