Branch Rickey: Alishindwa Benchi, Akatawala Ofisini

Ukimpima Branch Rickey kwa matokeo ya uwanjani, utamkuta mtu wa kawaida kabisa. Alianza besiboli ya Marekani kama mdakaji, na Juni 1907, akiichezea New York, wapinzani kutoka Washington walimwibia vituo 13 katika mchezo mmoja, yaani walikimbilia kituo kilichofuata mara 13 bila yeye kuwazuia. Baadaye akawa meneja, yaani yule anayekaa benchi na kupanga kikosi kama afanyavyo kocha wa soka. Aliiongoza St. Louis Browns kuanzia 1913 hadi 1915, kisha St. Louis Cardinals kuanzia 1919 hadi 1925. Kwa jumla alishinda michezo 597 na kupoteza 664. Msimu wa 1925 ukiendelea, mwenye timu alimwondoa benchi, akaikabidhi timu kwa Rogers Hornsby, mpigaji wao hodari, na mwaka uliofuata Cardinals wakawashinda New York Yankees na kutwaa World Series, fainali ya ubingwa.

Wapo wanaosema kisa hicho kinatosha: meneja mbovu aliondoka, mzuri akaja, kombe likafika. Lakini Rickey hakufukuzwa, alibakizwa ofisini kusimamia usajili, na kikosi alichokirithi Hornsby kwa sehemu kubwa kilikuwa kazi ya mikono yake. Kwa maoni yangu, ubingwa hupatikana miaka kadhaa kabla ya mchezo kuchezwa, na anayeupata mara nyingi ni mtu ambaye watazamaji hawamwoni. Cardinals walikuwa maskini. Kila Rickey alipomgundua kijana mwenye kipaji katika ligi ndogo, klabu tajiri zilisikia, zikapanda dau, zikamchukua. Akaona afadhali azinunue timu za ligi ndogo zenyewe, au hisa ndani yake, kuanzia Houston na Fort Smith, ili kijana asajiliwe mapema kwa bei ya chini, alelewe ngazi kwa ngazi, na asiwepo wa kumnyang'anya. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Cardinals walikuwa na mtandao wa timu kama 30 na mamia ya wachezaji. Ndiko alikotoka Dizzy Dean. Ndiko alikotoka Stan Musial, aliyesajiliwa kama mrushaji, akaumia bega mwaka 1940, na badala ya kupotea akafanywa mpigaji. Mwaka uliofuata alikuwa ligi kuu. Klabu ikatwaa tena ubingwa 1931, 1934 na 1942, na mara zote benchi lilikuwa na meneja mwingine.

Rickey aliamini pia kwamba ufundi hufundishika, na hapo alikuwa mbele ya wenzake. Kambini aliweka nguzo mbili, akafunga kamba zilizochora mstatili hewani, ukubwa wa eneo ambalo mpira ukipita huhesabiwa kuwa halali, na warushaji wakatakiwa kuupenyeza mpira humo tena na tena. Alichimba mashimo ya mchanga ili vijana wajifunze kuteleza kwenye kituo bila kuvunjika mguu. Alipohamia Brooklyn Dodgers akamwajiri Allan Roth, mtakwimu, aandike kila mrusho na kila pigo, wakati ambapo wengi bado walimchagua mchezaji kwa kumtazama tu.

Pingamizi zito ni kwamba mfumo huu uliwanyonya wachezaji. Ni kweli, wala silikwepi. Sheria za wakati ule zilimfunga mchezaji kwa klabu moja mpaka klabu yenyewe imwachie, na kijana aliweza kuozea ligi ndogo kwa mshahara mdogo kwa sababu tu Rickey alikuwa na wengine kumi wa nafasi yake. Mwaka 1938 Kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliwaachia huru zaidi ya wachezaji 70 wa ligi ndogo waliofungwa na Cardinals. Kisha kuna suala la Jackie Robinson. Rickey alikutana naye Agosti 1945, akampeleka Montreal, timu ya ligi ndogo ya Dodgers, msimu wa 1946, na tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani akiwa na jezi ya Dodgers, mchezaji wa kwanza Mweusi katika ligi kuu tangu karne ya 19. Wapo wanaosema ilikuwa biashara tu. Kwangu nia si kipimo: biashara hiyo hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye timu, na hakuna mwingine aliyethubutu kuanza. Doa lake liko kwingine. Kansas City Monarchs, timu ya Robinson katika ligi za Weusi, haikulipwa kitu, wala Newark Eagles wa ligi hizo hawakulipwa kwa mchezaji wao Don Newcombe. Rickey alidai kwamba ligi za Weusi hazikuwa na mikataba ya kuheshimiwa. Utetezi huo haukubaliki, maana mwaka 1947 Bill Veeck wa Cleveland aliilipa Newark dola 15,000 kwa ajili ya Larry Doby. Kulipa kuliwezekana.

Wengine watataja Pittsburgh Pirates, alikokuwa meneja mkuu, cheo cha ofisini na si cha benchi, kuanzia mwisho wa 1950 hadi 1955. Msimu wa 1952 timu ilipoteza michezo 112. Ni aibu kubwa, na mashabiki walikuwa na haki ya kukasirika, kwani walilipa kiingilio kutazama watoto wakijifunza kazi. Hata hivyo, Novemba 1954 Pirates walimtwaa Roberto Clemente kutoka mikononi mwa Dodgers, na mwaka huo huo wakamsajili Bill Mazeroski. Mwaka 1960 ni pigo la Mazeroski lililowapa World Series. Dodgers nao walitwaa World Series kwa mara ya kwanza mwaka 1955 kwa nguvu ya Robinson, Newcombe na Roy Campanella, wote waliosajiliwa na Rickey, miaka mitano baada ya yeye kuondoka. Kiongozi wa namna hii akihukumiwa kwa jedwali la msimu mmoja, atafukuzwa kabla mti haujazaa, na sifa zitamwendea atakayekuta matunda.

Rickey alifariki Desemba 1965, akaingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli mwaka 1967. Effa Manley wa Newark na J. L. Wilkinson wa Monarchs, wenye timu ambao wachezaji wao walichukuliwa bure, waliingizwa mwaka 2006, wote wawili wakiwa wameshafariki.